Kwa Nini Treni Husubiri Porini? Ratiba ya Reli Inavyopangwa na Kuendeshwa

Wasikilizaji wetu wa kando ya Reli ya Kati hutuuliza: treni imefika stesheni ndogo, hakuna anayepanda wala anayeshuka, mbona haiondoki? Kwa mwenye matenga ya nyanya au anayempeleka mgonjwa hospitali, saa moja ya kusubiri si jambo dogo. Jibu lake linaanzia kwenye ratiba yenyewe.

Njia ni moja

Hapa tunazungumzia reli ya zamani, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kutoka Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 1,250, na karibu zote ni njia moja. Treni inayokwenda na inayorudi hupita juu ya reli zile zile, hivyo haziwezi kupishana popote. Hupishana kwenye stesheni yenye njia ya pembeni: moja huingia pembeni, nyingine hupita.

Kwa hiyo mpangaji wa ratiba hawezi kuangalia tu saa ambayo abiria wangependa kuondoka. Ni lazima ajue treni zitapishana wapi.

Mchoro wa mistari

Mpangaji hutumia mchoro. Stesheni zote huorodheshwa kutoka juu hadi chini, na saa 24 za siku huandikwa kutoka kushoto kwenda kulia. Kila treni ni mstari wa mshazari. Mistari miwili ikikatana, maana yake treni mbili zinakutana. Ikikatana kwenye stesheni ya kupishana, ni sawa. Ikikatana katikati ya stesheni mbili, mpangaji hufuta na kuanza tena.

Tuchukue mfano. Stesheni mbili ziko umbali wa kilomita 20 na treni inakwenda kilomita 40 kwa saa. Itatumia nusu saa kumaliza kipande hicho, na muda wote huo treni ya upande wa pili inasubiri. Kwa saa moja, kipande hicho hakiwezi kupitisha zaidi ya treni mbili zinazopishana. Ndiyo sababu kipande kinachochukua muda mrefu kuliko vyote ndicho kinachoamua idadi ya treni za njia nzima.

Mpangaji huacha pia nafasi kwa mafundi wa njia, kwa kubadilishana madereva, na dakika chache za akiba za kufidia ucheleweshaji.

Siku ya safari

Treni ikishaondoka, kazi inahamia kwa waongozaji na mastesheni masta. Dereva haruhusiwi kuingia kipande cha mbele bila kibali kwamba kiko wazi. Kwa kawaida treni ya abiria hupewa kipaumbele mbele ya ya mizigo. Lakini treni ya mizigo ikiwa ndefu kuliko njia ya pembeni, haiwezi kuingia humo. Hapo fupi ndiyo inayoingia pembeni, hata kama ni ya abiria.

Hivyo ucheleweshaji huambukiza. Treni moja ikiharibika, ya upande wa pili inasubiri, na ile iliyopangwa kupishana na hiyo inasubiri pia. Tabora ni mfano mzuri, kwa sababu njia za Kigoma na Mwanza zinakutana pale. Mabehewa ya Mwanza yakichelewa kuunganishwa, abiria wa Kigoma waliomo kwenye treni hiyo hiyo nao wanachelewa.

Mvua nazo huvuruga ratiba. Tuta likilowa, madereva huagizwa kupunguza mwendo. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliharibu njia kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikashindwa kupita.

Ufanye nini?

Kwanza, soma saa vizuri. Ratiba za reli huandikwa kwa saa 24, na siku hubadilika saa sita usiku. Ukiona 20:00, hiyo ni saa 2 usiku. Ukiona 00:30 Ijumaa, ni saa 6:30 usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa hiyo uwe stesheni Alhamisi jioni. Ukienda Ijumaa usiku, treni imeshaondoka tangu jana yake.

Pili, ukiambiwa treni imechelewa, muulize stesheni masta: "Imepita stesheni gani mara ya mwisho, na itapishana na treni gani kabla ya kufika hapa?" Majibu hayo yatakusaidia kukadiria zaidi kuliko kuambiwa "saa mbili".

Tatu, usiondoke ukaenda mbali. Muda wa akiba, au treni nyingine kuwahi kupishana, unaweza kupunguza ucheleweshaji, na treni haitakungoja.

Na kama una mzigo unaooza haraka, usipange kufika sokoni dakika ile ile iliyoandikwa kwenye ratiba. Nawe jiwekee muda wa akiba.