Jina uliandika sawa, bado ukapotezwa

Huku Kisauni mgeni akishuka steji haulizi namba ya nyumba. Anauliza mwenye kibanda, "Kwa Mama fulani ni wapi?" Sasa mwenye kibanda akidanganya je? Jina mgeni kalitaja sawa, ila ataingia nyumba siyo.

Ndivyo ilivyokuwa Aprili 2013. Watu waliandika google.co.ke, herufi zote sawa, wakatokea kwenye ukurasa wa mdukuzi aliyejiita TiGER-M@TE. Google ikasema huduma zake hazikudukuliwa, watu walielekezwa kwingine tu. Yaani mlango haukuvunjwa. Njia ndiyo iliyopindishwa.

Mwenye kibanda wa intaneti ni DNS: unampa jina, anakupa namba ya seva. Paul Mockapetris aliubuni mfumo huu 1983, enzi kompyuta zilikuwa chache na zinaaminiana. Mwaka 2008 Dan Kaminsky akaonyesha jibu la uongo linavyoweza kupachikwa kirahisi. Dawa ikawa DNSSEC, majibu yenye sahihi ya kidijitali, na mzizi wa mfumo ukatiwa sahihi 2010. Lakini sahihi haikuokoi kama kitabu chenyewe cha majina kimechezewa.

Mimi chuo niliacha, ila hili nalijua: mtu akiibiwa mtandaoni, tusikimbilie kumwambia, "Mjinga wewe, ulibonyeza nini?" Saa zingine hakukosea hata herufi moja. Wenye tovuti pia waulizwe: hilo jina lenu, nani analilinda?