Kupulizia emaye kwenye vyombo vya udongo: vifaa vya nyumbani na kinga ya mapafu

Emaye ni ile ngozi ya kioo inayoonekana juu ya sahani na vikombe vya udongo. Ndiyo inafanya chombo king'ae, kisinyonye maji na kioshwe bila shida. Kabla ya moto, emaye ni unga wa mawe ndani ya maji: silika, udongo mweupe, feldispari, chokaa, mara ingine majivu ya kuni. Moto ndio unaiyeyusha mpaka inakuwa kioo.

Mfinyanzi anaweza kuchovya chombo ndani ya ndoo, kupaka kwa burashi ao kupulizia. Kuchovya ni haraka, lakini kunaomba emaye nyingi. Burashi inaacha mistari. Kupulizia kunafaa kwa chombo kikubwa, ao kwa fundi mwenye emaye kidogo. Ubaya wake ni kwamba emaye nyingi haifiki kwenye chombo, inabaki hewani.

Moto gani unahitajika?

Chungu kinachochomwa nje chini ya lundo la kuni na majani hakifai kwa kazi hii. Moto ule hauna joto la kutosha, tena hauko sawa pande zote. Emaye ya moto mdogo inaomba karibu 1000 hadi 1100°C, na ile ya moto mkali 1200 hadi 1300°C, ndani ya tanuru lililofungwa. Kwa kawaida chombo kinachomwa kwanza bila emaye, kisha kinapuliziwa na kurudishwa motoni.

Vifaa

Kompresa ndogo na pistole ya rangi, kama zile za garaji, zinatosha. Presha ya bari 2 hadi 3 inafaa. Emaye ipitishwe kwanza kwenye chujio chembamba, la sivyo itaziba mdomo wa pistole. Chombo kinawekwa juu ya kibao kinachozunguka, ndani ya sanduku la mbao ao katoni kubwa iliyo wazi upande mmoja. Nyuma yake vantilatere inavuta hewa na kuitoa nje, mbali na dirisha la jirani na mahali pa kupikia.

Asiye na kompresa anaweza kutumia pompe ya mkono ya kunyunyizia maji, ila matone yake ni makubwa zaidi. Pompe iliyokwisha kubeba dawa ya shamba isitumiwe.

Namna ya kupulizia

Chombo kipanguswe vumbi kwa sponji yenye maji kidogo. Pistole ikae sentimita 25 hadi 30 mbali nacho, na mkono usisimame mahali pamoja. Tabaka nyembamba nyingi ni bora kuliko moja nzito. Emaye ikianza kung'aa kwa maji, fundi angojee ikauke, akiendelea itatiririka. Kwa emaye nyingi, unene wa karibu milimita 1 unatosha. Unapimwa kwa kuchoma na ncha ya sindano. Mwishoni kitako kipanguswe, kisigande ndani ya tanuru.

Hatari ya vumbi

Vumbi ya silika inaingia ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo, silikozi, hauna dawa ya kuuponyesha, tena unafungulia kifua kikuu mlango. Ni vumbi ile ile inayowaumiza wanaosaga mawe ya dhahabu. Kitambaa kilichofungwa puani hakiizuii. Inahitajika maske ya FFP2, ama vizuri zaidi FFP3, iliyobana uso, na isivuliwe mbio kisa pistole imezimwa: ukungu bado uko hewani. Usafi unafanywa kwa kitambaa chenye maji, hapana ufagio. Nguo za kazi zisiingie chumbani, na watoto wakae mbali.

Pia plombo, ile ya ndani ya batri za magari, isiwekwe katika emaye. Ndimu, tomate ao kasiksi, vyote vyenye uchachu, vinaweza kuitoa kwenye chombo na kuiingiza katika chakula. Plombo inaharibu ubongo wa mtoto pole pole, bila dalili ya kuonekana mapema.

Kama pesa haitoshi kwa vyote, maske inunuliwe kwanza. Kompresa inaweza kungojea. Kuchovya ndani ya ndoo hakuleti ukungu.