Nani Alipanda Hii Minazi?

Angalia vizuri picha za harusi za Diani. Bibi harusi, mchanga mweupe, hema, droni juu. Sasa angalia nyuma yake: minazi. Mara nyingi imesimama kwa mistari, na kwenye vigogo kuna alama zilizokatwa kwa panga ili mkwezi apate pa kukanyaga. Msitu haujipangi hivyo. Hapo palikuwa shamba.

Wakenya tunajua kusimulia shamba lililogeuka uwanja wa sherehe, mradi mwenyewe aliandika kitabu. Kahawa ilimshinda Karen Blixen kule Nairobi, shamba likauzwa, akarudi Denmark 1931. Kitabu kikatoka 1937, filamu 1985, nyumba ikafunguliwa kama makumbusho 1986. Leo watu hukodi bustani yake kufanyia harusi, na historia inawangoja mlangoni. Mashamba ya minazi ya Kwale hayakupata bahati hiyo.

Pwani kulikuwa na desturi: aliyepanda mnazi ndiye mwenye mnazi, hata kama ardhi ni ya mwingine. Mti uliweza kuuzwa, kuwekwa rehani, kurithiwa. Kwa Wadigo, ambao zamani mali ilitoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa kabla mirathi ya Kiislamu haijashika nguvu, minazi ilikuwa pia kumbukumbu ya ukoo. Yaani ukitaka kujua shamba ni la nani, unauliza nani alipanda.

Halafu 1908 serikali ya kikoloni ikaleta Sheria ya Hati za Ardhi kwenye ukanda wa pwani uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Kila mwenye ardhi ajitokeze, adai, athibitishe, apewe hati. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Waliozoea makaratasi walifika: wafanyabiashara, matajiri wa mjini, makampuni. Wadigo wengi walibaki bila hati. Ushahidi wao ulikuwa umesimama shambani, lakini mnazi hauwezi kupelekwa ofisini.

Uhuru ulipokuja 1963, ardhi ya Mfalme ikawa ya serikali mpya. Ploti za ufuoni zikagawiwa, na miaka ya 1970 hoteli zikaota Diani. Familia zilizojikuta ndani ya ploti za wengine zikaitwa maskwota. Hebu fikiria: babu yako kapanda mti, wewe unaitwa mvamizi chini ya kivuli chake. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika malalamiko ya ardhi ya pwani kwenye ripoti yake ya 2013. Ripoti ipo. Hati bado ni hadithi kwa wengi.

Sisemi harusi zisifanyike. Zinalisha wapishi, wapambaji, madereva wa tuktuk, wapiga picha. Lakini kile unacholipia pale, kile kivuli na ile mistari mizuri kwenye picha, ni kazi ya mikono ya mtu. Mnazi wa kienyeji huchukua miaka kama sita kabla ya kuzaa, kisha huishi miaka 60 na zaidi. Anayeupanda anampandia mjukuu.

Kwa hivyo ukienda kukodi uwanja Diani, uliza bei, uliza parking, halafu uliza nani alipanda minazi. Usishangae jibu likitoka kwa kijana anayepanga viti.