Kutoka Mtumwa hadi Siti: Jina, Kipawa na Mpaji

Mswahili akimsikia mtoto mwenye sauti nzuri, husema: "Huyu amejaliwa." Akitaka kukitaja kile alichonacho mtoto huyo, hukiita kipawa, kipaji au karama. Maneno haya hayana asili moja, lakini yote yamepita mlango mmoja, nao ni mlango wa kupewa.

Kipawa kimetokana na kitenzi pa, katika umbo lake la kale la pawa, yaani kupewa. Kipaji nacho ni jirani wa mpaji, na wahenga walikwisha kutuambia mpaji ni nani. Jaliwa ni neno lenye asili ya Kiarabu, jaala, kufanya au kuweka. Waswahili walilipokea, wakalinyambua kwa sarufi yao, wakapata jalia, jaliwa na majaliwa. Karama imetoka katika shina lile lile lililotupa ukarimu. Na Waarabu wenyewe hukiita kipaji mawhiba, neno lililozaliwa tumbo moja na hiba, ambayo ni zawadi isiyodai malipo.

Si ajabu basi kwamba maneno ya namna hii yamekuwa majina ya watu. Pwani na visiwani wamo akina Majaliwa, Karama, Hiba, Zawadi, Tunu na Atiya. Mzazi amwitaye mwanawe kwa jina kama hilo hajui bado kama mtoto atakuwa mshairi, nahodha au mkulima. Anakiri tu kwamba amepewa.

Lakini sarufi ina siri yake. Katika jaliwa na pawa, mtendwa yupo mbele na mtendaji amefichika. Umbo hilo hilo la kutendwa limo katika neno jingine, zito zaidi. Kitenzi tuma kimezaa majina mawili: mtume na mtumwa. Yote mawili, kwa asili ya maneno, ni mtu aliyetumwa. La kwanza lilipanda hadi kwenye utukufu wa dini. La pili lilishushwa na biashara ya wanadamu hadi likawa jina la mtu aliyenunuliwa. Tofauti yao imo katika swali moja: aliyetuma ni nani?

Swali hilo liliishi katika maisha ya mwanamke mmoja wa Unguja. Mnamo mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba, alizaliwa binti katika ukoo uliotokana na watumwa. Soko la watumwa la mjini lilikuwa limefungwa tangu 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja na Pemba hadi 1897. Binti huyo aliitwa Mtumwa. Jina lilitangulia kumweleza mahali pake kabla hajajua kusema.

Mtumwa binti Saad hakusoma shule. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza kuviuza, na husimuliwa kwamba alivinadi kwa kuimba, sauti yake ikisikika kutoka mbali. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alijifunza uimbaji kwa wanamuziki waliomtangulia, akayahifadhi mashairi kwa sikio na moyo, akashirikiana na mafundi wa udi na fidla. Waliomsikia wakasema amejaliwa, na walisema kweli. Lakini neno hilo halikutaja vyungu, wala njia ya kutoka Fumba, wala usiku wa mazoezi. Ndiyo maana Kiswahili hakikuishia kwenye kipawa. Kina pia ustadi na ufundi, na ufundi haupatikani ila kwa kufundwa.

Alipofahamika, jina la kale halikumtosha. Akaitwa Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mheshimiwa. Mwaka 1928 alivuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, na taarabu iliyokuwa imezoea Kiarabu katika majumba ya wafalme ikasikika kwa Kiswahili katika baraza za watu wa kawaida. Sahani hizo zilitoka chini ya nembo ya His Master's Voice, maana yake "Sauti ya Bwana Wake". Aliyezaliwa akiitwa Mtumwa aliimba chini ya maneno hayo, na hakuna aliyesikiliza akadhani kuwa sauti ile ni ya bwana yeyote.

Hapo ndipo hekima ya maneno ya wazee inapodhihirika. Kusema kwamba kipawa hutolewa kunaweza kuficha jasho la mwenye kukitumia. Lakini kunamnyang'anya bwana dai lake vilevile. Ikiwa Mpaji ni Mungu, basi aliyemnunua babu hakununua sauti ya mjukuu.

Siti binti Saad alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, uliochapishwa mwaka 1958. Na Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania, kilichoanzishwa 1987, kilipotafuta jina la jarida lake, kililiita Sauti ya Siti. Jina alilopewa utotoni amebaki nalo Fumba; alilolichuma kwa kazi yake limekuwa la wengine pia.