Neno Fupi la Msomaji

Historia ya fasihi husimuliwa aghalabu kwa majina ya watunzi, miaka ya uchapishaji na tuzo. Msomaji hutajwa mwishoni, tena bila sura wala sauti: huambiwa tu kwamba kitabu kilipokewa vizuri. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na anayelala katika kitabu ni msomaji. Mifano mitatu inatosha kuonyesha uzito wa neno lake, hata likiwa fupi.

Wa kwanza ni wa mwaka 1936. Stanley Unwin, mchapishaji wa London, aliletewa mswada wa The Hobbit wa J. R. R. Tolkien. Kwa kuwa aliamini kwamba mtoto ndiye hakimu bora wa kitabu cha watoto, alimpa mwanawe Rayner, mwenye umri wa miaka 10, ausome. Rayner aliandika aya moja, akalipwa shilingi moja. Alieleza kisa kwa ufupi, akasema kuwa ramani zinatosha, picha hazihitajiki, na kwamba kitabu kingewafaa watoto wa miaka 5 hadi 9. Yeye mwenyewe, bila shaka, alijiona keshakua! Kitabu kilitoka Septemba 1937, na hadi leo kinasomwa.

Wa pili ni wa hadithi za upelelezi. Mwaka 1893 Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes katika jarida la The Strand. Wasomaji walighadhibika, mama mmoja alianza barua yake kwa kumtukana mwandishi, naye Doyle hakuisahau, akaja kuitaja katika kumbukumbu za maisha yake. Mwaka 1903 Holmes alifufuliwa.

Wa tatu si wa kujivunia sana. Mwaka 1988 kampuni ya DC ya Marekani iliwaomba wasomaji wa katuni za Batman wapige simu kuamua kama Robin wa pili, Jason Todd, aishi au afe. Simu 5,343 zilitaka afe, 5,271 zilitaka aishi. Kura 72 zikamzika. Hapa neno la msomaji lilipunguzwa likawa ndiyo au siyo, na sababu zake hazikuulizwa. Aya ya Rayner ilikuwa na sababu, na hiyo ndiyo tofauti kati ya maoni na hesabu.

Na kwetu je? Mwaka 1929 Frederick Johnson alitoa Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya riwaya ya Robert Louis Stevenson. Mwaka 1940 ikatoka Elisi katika Nchi ya Ajabu. Watu wazima ndio waliochagua kipi mtoto wa Afrika Mashariki akisome. Baadaye Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar akatupa mpelelezi wetu, Bwana Msa, mwenye kiko chake na sahibu yake Najum. Mzimu wa Watu wa Kale ilichapishwa mwaka 1960. Kosa la Bwana Msa ikafuata mwaka 1984. Mwandishi hamrudii mhusika mmoja kwa zaidi ya miaka 20 pasipo watu wanaomngoja. Watu hao tunawajua kwa kungoja kwao tu. Walichokisema, walikisema barazani baina ya vikombe vya kahawa, nacho kikaondoka na waliokisema.

Hasara hiyo inaendelea, na sisi wa ughaibuni tunaiongeza. Mtoto wa Muscat au wa Leicester anapokifunga kitabu cha Kiswahili na kusema kwamba kinachosha, tunamkemea kwa kuidharau lugha ya wazee wake. Pengine amesema kweli. Pengine kisa kina mawaidha mengi na watu wachache, au maneno yake ni ya darasani, si ya jikoni anakosikia Kiswahili kila siku. Tukimnyamazisha, atatii, kisha ataendelea kusoma kwa Kiingereza, na mwandishi wetu hatajua kamwe alipompotezea.

Basi tumwombe sentensi tatu: kisa kinahusu nini, amependa nini, wapi alichoka. Tuziandike kama zilivyo, pamoja na makosa ya ngeli, tutie tarehe, tuwapelekee wachapishaji. Mali bila daftari hupotea bila habari.