Nunavut: Ardhi Pana, Watu Wachache

Nunavut ni eneo la utawala kaskazini mwa Kanada. Lilitengwa na Northwest Territories tarehe 1 Aprili 1999, kufuatia mkataba wa ardhi wa mwaka 1993 baina ya Wainuit na serikali. Ukubwa wake ni zaidi ya mara mbili ya Tanzania, lakini sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu 36,858 tu.

Makazi yake ni 25, na hakuna barabara inayoyaunganisha. Watu husafiri kwa ndege. Mizigo mizito huja kwa meli barafu inapoyeyuka. Mikoa ni mitatu: Qikiqtaaluk, Kivalliq na Kitikmeot. Makao makuu ni Iqaluit. Baraza la kutunga sheria lina wajumbe 22, wala halina vyama.

Anayeuliza nyakati za Sala za huko ataje kwanza mji. Iqaluit, penye msikiti uliofunguliwa mwaka 2016, jua huchwa kila siku hata kiangazi, basi Magharibi yake inajulikana. Grise Fiord, kaskazini ya mbali, jua halichwi kwa miezi kadhaa. Huko kuna haja ya kukadiria. Utawala ni mmoja, lakini nyakati hufuata jua la mahali.