Jembe la Apolo

Kuna Wakristo wengi wanaoweza kuimba kanisani mpaka madirisha yatetemeke, lakini hawawezi kumwambia jirani yao neno moja la imani. Sishangai. Kanisani sauti yako inamezwa na sauti za wenzako. Kwa jirani uko peke yako, naye anajua deni lako la dukani na ugomvi wa nyumbani kwako. Katika miaka niliyofundisha chuo cha ualimu, wanachuo Wakristo waliniuliza mara nyingi watapata wapi ujasiri huo watakapopangiwa shule za mbali, mahali ambapo hawana ndugu wala wa kuwaitikia wimbo. Mimi si mhubiri. Nilikuwa nafundisha historia, basi niliwapa historia: habari za Apolo Kivebulaya.

Alizaliwa Buganda mnamo mwaka 1864, akaitwa Waswa kwa kuwa alikuwa pacha. Katika ujana wake alimsikia Alexander Mackay, yule mmisionari fundi aliyefika Buganda mwaka 1878. Lakini hakugeuka siku ile. Kwanza alikuwa askari katika zile vita za dini zilizoipasua Buganda baada ya mwaka 1888, Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti wakipigania Ikulu ya Kabaka. Jina la Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya, alilipata kwa sababu ya koti jekundu la kijeshi alilopenda kulivaa. Alibatizwa mwaka 1895, akachagua jina la Apolo. Siku zile Mkristo huko Buganda aliitwa msomaji, maana mtu alianza kwa kujifunza herufi, kisha Injili, ndipo akabatizwa. Mwinjilisti na mwalimu wa shule walikuwa mtu mmoja. Wanachuo wangu walilipenda sana jambo hilo.

Mwishoni mwa mwaka 1896 alijitolea kwenda Mboga. Ili ufike huko kutoka Toro unaiacha milima ya Ruwenzori nyuma yako, unashuka kwenye joto la bonde la Semliki, unavuka mto, kisha unapanda tena upande wa pili, ukingoni mwa msitu mkubwa wa Ituri. Wainjilisti wawili Waganda walikwisha kutangulia. Mtawala wa Mboga, Tabaro, alikuwa amewanyima chakula, nao wakarudi.

Tusimhukumu Tabaro upesi. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alikuwa amepita Toro na askari wake na kumweka Kasagama kwenye kiti cha enzi. Mtawala yeyote wa jirani mwenye macho aliona kwamba nyuma ya Waganda na vitabu vyao kulikuwa na bunduki. Mgeni akija na dini mpya, nani angejua kesho ataleta nini? Waganga nao walikuwa na mali yao ya kulinda. Hofu haikuwa kwa mwinjilisti peke yake. Mwenyeji naye aliogopa.

Apolo naye akanyimwa chakula. Alichofanya ndicho ninachokitafakari zaidi kuliko mambo yote ya maisha yake: alinunua jembe. Akawa kibarua katika mashamba ya watu, akilima kutwa ili apate cha kula, na wakati uliobaki akafundisha kusoma. Fikirini aliyewahi kubeba silaha, mvaa koti jekundu, mtu wa Buganda iliyojiona juu ya majirani zake wote, ameinama shambani kwa mwenyeji wa Mboga akisubiri ujira wa ndizi. Mwanachuo mmoja aliwahi kuniuliza kama kulima ni kuhubiri. Nilimjibu kwamba sijui, lakini watu wa Mboga walipata nafasi ya kumtazama mtu huyo kwa karibu, tena akiwa mhitaji wao. Hakuna aliyeweza kumwogopa. Nadhani hapo ndipo mazungumzo yalipoanzia.

Watu wachache walianza kusoma, na mambo yakazidi kuwa mabaya. Dada yake Tabaro alianguka juu ya mkuki wakati wa kazi ya kukata matete ya kujengea, akafa. Apolo alishtakiwa kwamba ndiye aliyesababisha kifo hicho. Alipigwa, akafungwa, akavushwa tena lile bonde hadi gerezani Toro. Alivyosimulia mwenyewe baadaye, akiwa katika kifungo alimwona Yesu akiwaka kama jua, akimwambia ajipe moyo kwa kuwa yuko pamoja naye. Mwanahistoria hana mizani ya kupimia maono. Anachoweza kupima ni alichokifanya mtu baada yake. Apolo aliachiwa huru, na baadaye akarudi Mboga.

Kwenda mara ya kwanza kunaweza kuwa ujana tu, au kutojua. Kurudi kwa watu waliokuona umefungwa minyororo, ambao baadhi yao bado wanakuita muuaji, ni jambo jingine kabisa. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa hubiri lake kubwa kuliko yote, na sidhani kuna aliyelisikia vizuri kama Tabaro. Mtawala huyo alikuja kubatizwa, akaitwa Paulo.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900, kasisi mwaka 1903, na kanoni mwaka 1922. Alitumika pia Toro kwa miaka mingi. Mpaka wa wakoloni uliposogezwa, Mboga ikaangukia upande wa Wabelgiji, mbali na wamisionari wa Kiingereza, naye akaomba kurudi huko. Tangu mwaka 1921, akiwa na umri unaokaribia miaka sitini, alianza kuingia msituni kwa Wambuti, watu wafupi ambao majirani zao waliwadharau. Huko nako alianza na kusoma, na Injili ya Marko ikatafsiriwa katika lugha yao.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Kanisa dogo aliloliacha lilikua dayosisi mwaka 1972, na mwaka 1992 Waanglikana wa nchi hiyo, iliyoitwa Zaire wakati ule, wakawa jimbo lao wenyewe. Inasimuliwa kwamba aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kinyume cha desturi ya kwao, kwa kuwa upande huo kulikuwa na msitu, na ndani yake watu ambao hakuwahi kuwafikia.